Gurudumu Lenye Meno Manane

Dada yangu mkubwa aliitwa mwizi wa viazi kwa miaka kumi na minne, mpaka siku aliyoviringishwa sanda. Hakuiba. Hilo nililijua mwaka juzi tu, nikiwa bibi mwenye meno ya kuhesabu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika ua wa mtu huko Rebero, kisu cha jikoni mkononi, nakwangua kutu kwenye gurudumu la chuma.

Nianze na mwenye ua. Ni bwana mmoja aliyekulia Uganda, akarudi na elimu yake, akajenga nyumba ya wageni yenye bustani inayoshuka ngazi kwa ngazi kuelekea bondeni. Watu wa aina yake wanapenda vitu vya zamani kuliko sisi tuliovitumia. Bustanini ameweka mtungi uliotoboka, cherehani ya kukanyaga isiyoshona, na ule mti uliochongwa kama mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe. Siku moja alipita kwa wauza chuma chakavu kule Nyabugogo, akaona mtambo umelala kifudifudi chini ya mabati, akauchukua. Hakuna aliyeweza kumwambia ni nini. Mmoja alisema ni wa kuchimbia visima. Mwingine alisema ni gari la farasi la Wabelgiji. Padri mmoja, mgeni wake, akasema ni jembe la diski, na kwa kuwa padri amesoma, mtambo ukaitwa jembe la diski mwezi mzima.

Kisha mtu akamwambia aende mtaa wa Rwezamenyo, kuna mzee aliyeendesha trakta enzi zile. Mzee huyo ni mume wangu.

Yule bwana alikuja asubuhi, nikampa chai. Alimwonyesha mume wangu picha kwenye simu. Mume wangu aliitazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. Akasema hajapata kuuona mtambo huo. Labda ni wa kumwagia mbolea.

Mimi nilikuwa napita na birika. Nikainama, nikaangalia. Niliona viti viwili vya chuma vyenye matundu kama chujio, na mbele ya kila kiti bomba linaloshuka mpaka chini. Makalio yangu yalikumbuka kabla ya kichwa.

"Hii ni ya kupandia viazi," nikasema. "Hicho kiti cha kushoto nilikikalia mimi."

Yule bwana alicheka, akidhani bibi anatania. Mume wangu hakucheka. Nilifikiri ni uzee, kwamba macho yamemwisha. Mwanamke anaweza kulala kitanda kimoja na mtu miaka hamsini na bado akamtafutia sababu nzuri.

Sasa nieleze mtambo wenyewe, maana vijana hawaujui. Tulikuwa tumeolewa karibuni, mume wangu akapata kazi ya udereva wa trakta kwenye shamba kubwa la viazi mviringo kaskazini, chini ya volkano, kwenye udongo mweusi wenye mawe. Watu wa kule walituita Waswahili, kwa kuwa tu tulikuwa Waislamu wa mjini. Dada yangu alikuwa ameolewa huko huko, na ndiye aliyenitafutia kazi ya kiti. Trakta ilivuta mtambo. Mbele kulikuwa na jembe dogo linalofungua mfereji, nyuma diski mbili zinazofukia. Katikati sanduku la bati limejaa viazi vya mbegu, na nyuma ya sanduku tumekaa sisi, wanawake wawili, miguu kwenye vyuma, vumbi mdomoni. Gurudumu la kushoto lilikuwa na meno pembeni mwa kikombe chake cha katikati. Kila jino likipita liligonga kengele, na kila kengele ikilia unatupa kiazi kimoja kwenye bomba. Ngo, kiazi. Ngo, kiazi. Kutwa nzima. Usiku tulikuwa tunaisikia kengele ndani ya mto wa kulalia.

Tulikuwa na namna yetu. Kwenye ukingo wa gurudumu kulikuwa na alama nyeupe ya rangi. Alama ikipita juu, unateka viazi sita kutoka kwenye sanduku na kuviweka kwenye kitenge mapajani. Sita vikiisha, alama inapita tena, unateka vingine. Mzunguko mmoja, viazi sita. Hata kichwa kikiwa mbali, mikono ilikuwa inajua sita. Wanawake tuliopokezana viti vile tulikuwa wanane. Ninawajua wote kwa majina, na majina ya mama zao, na nani alikuwa na ujauzito wa nani. Siyaandiki hapa. Wana wajukuu mjini humu, na aibu ile ilitumwagikia sote, ingawa dada yangu ndiye aliyeloa.

Dada ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya mbegu. Msimu mmoja, siku ya pili ya kupanda, aliniambia tukiwa juu ya viti kwamba kengele inaharakisha. Nami nilisikia. Mikono yangu ilikuwa inachelewa, viazi viliniponyoka. Tukatafuta ile alama nyeupe, hatukuiona. Jioni dada akamwambia dereva, yaani mume wangu, kwamba trakta inakwenda mbio. Mume wangu akasema gia ni ile ile ya siku zote, alama imefutwa na matope, na kama wanawake wamechoka waseme wamechoka. Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa mume wangu na alisema kwa utani mzuri.

Mbegu zikaisha kabla shamba halijaisha. Robo nzima ilibaki tupu, imelimwa, imesafishwa, na stoo haina hata kiazi. Magunia yalikuwa yamepimwa sawa na shamba, kama kila msimu. Kapita, msimamizi wetu, akaja, akatazama ile robo, akatazama ufunguo kiunoni mwa dada. Hakuuliza maswali mengi. Wiki moja kabla, dada alikuwa amempelekea viazi vilivyooza upande, vile vya kukatwa, mama mmoja aliyejifungua, na kila mtu alijua. Basi mtu anayetoa viazi vibovu hadharani atashindwaje kutoa vizima kwa siri? Ndivyo walivyosema. Akafukuzwa siku ile ile, kitenge kina vumbi.

Na si kazi tu. Mume wake alikuwa mtu wa kanisa na wa maneno ya watu. Alimrudisha kwetu Rwezamenyo na mtoto wa kike mgongoni, akasema hatakaa na mwizi. Miezi saba dada alikaa kwa mama akilia na kusema hakuiba. Wazee wa upande wa mume wakatuma ujumbe: akija akakiri mbele yao, akaomba radhi, watampokea. Akasema hawezi kukiri asichofanya.

Hapa ndipo pananiuma kuandika. Mimi ndiye niliyetumwa kumshawishi. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nimeshuka kutoka shambani kuja kujifungulia mjini. Tulikaa uani tunachambua mchele, nikamwambia, "Dada, sema tu uliiba. Ni maneno. Sema yaishe, mtoto awe na baba." Alinitazama kama mtu anayetafuta uso wangu na haupati. Baada ya siku tatu akaenda, akapiga magoti mbele ya wanaume sita, akasema aliiba. Wakampokea. Na tangu siku ile hakuna aliyeweza kumtetea tena, maana mwenyewe amesema. Mtoto wake akakua anaitwa mtoto wa mama kiazi. Dada akafa kwa homa, kabla ya vita, bado ni mwizi.

Sasa nirudi Rebero. Yule bwana alipopata uhakika kwamba ni mtambo wa viazi, akataka urudi kama ulivyokuwa. Akamwomba mume wangu asimamie, na mimi niende kuwaelekeza kilipokaa kila kitu. Mume wangu akakataa mara mbili. Mgongo, alisema. Mara ya tatu nikamwambia nitakwenda peke yangu, akavaa viatu.

Kazi ilichukua wiki nyingi, sisi wawili na mchomeleaji mmoja mtu mzima kutoka garaje ya Nyamirambo, mcheshi, ambaye aliniita mama injinia. Boliti zilikuwa zimeshikana na kutu mpaka ikabidi zilowekwe kwa mafuta ya taa siku nzima na kuchomwa moto ndipo zifunguke. Mabomba yalikuwa na viota vya nyigu. Sanduku la bati lilikuwa limeliwa chini, likakatwa na kuungwa jipya. Mchomeleaji aliviweka viti vikitazama nyuma, akisema mtu mwenye akili hawezi kukaa akitazama vumbi la trakta. Nikamwambia hakuna aliyetuuliza akili zetu, ageuze. Chini ya kutu tuliona rangi ya bluu, na kwenye chuma cha kuvutia tukaona kiraka alichochomea mume wangu mwenyewe mwaka ule wa kwanza, kimepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Basi si mtambo kama ule. Ulikuwa ule ule. Nikamwonyesha kiraka. Akasema, "Kumbe," na kwenda kutafuta kivuli.

Nilianza kuona kitu. Mume wangu alishika kila mahali pa mtambo ule isipokuwa gurudumu la kushoto. La kulia alilisugua kwa brashi ya waya mpaka likang'aa. La kushoto alimwambia mchomeleaji alipake rangi nzito juu ya kutu, lisifunguliwe, litavunjika. Ijumaa moja akaenda kuswali. Mchomeleaji naye akaenda kula. Nikavuta kiti cha plastiki, nikatoa kisu changu cha kumenyea.

Kwanza nilihesabu spoki za magurudumu, zile fimbo za chuma zinazotoka katikati. La kulia kumi. La kushoto kumi na mbili. Hayakuwa ndugu. Kisha nikakwangua kikombe cha katikati, udongo mweusi ukatoka, ule ule wa kaskazini, umekauka kama kinyesi cha mbuzi. Meno yakaanza kuonekana. Moja, mbili, tatu. Nilipofika sita nilikuwa bado sijamaliza mzunguko. Saba. Nane.

Nikahesabu tena, kidole juu ya kila jino. Sikusoma sana, darasa la tatu na madrasa, lakini hesabu hii haikuhitaji shule. Kila mzunguko tulitupa nane mahali pa sita. Tukifika robo tatu ya shamba, mbegu za shamba zima zimekwisha. Hakuna gunia lililotoka stoo kwa siri. Viazi vyote vilikuwa ardhini, vimebanana. Na nikakumbuka mavuno ya msimu ule, viazi vidogo kama mayai ya njiwa, tukasema ni ugonjwa wa ukungu.

Mume wangu aliporudi alinikuta nimekaa na kisu. Aliona mahali palipokwanguliwa. 

"Uliliweka wewe," nikasema.

Akakaa chini kwenye nyasi na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

Alinieleza kidogo kidogo, nami nilikuwa nasukuma kila neno. Sheria ya shamba ilikuwa kwamba mtambo wa magurudumu ya chuma hauburutwi barabarani; unapakiwa kwenye tela. Jioni ya siku ya kwanza ya kupanda kulikuwa na harusi ya Waswahili wenzetu mjini Ruhengeri, naye alikuwa anawahi, akauburuta kwenye barabara ya mawe kwa gia kubwa. Gurudumu likagonga jiwe, likapasuka. Nyuma ya stoo kulikuwa na mtambo mwingine mkuukuu, wa kupandia maharage. Akachukua gurudumu lake, likaingia kwenye ekseli kama limezaliwa hapo, akalipaka matope, akalitupa lile lililovunjika mtoni. Akaenda harusini.

Nikamuuliza kama alijua habari ya meno. Akasema mwanzoni hakujua.

"Na dada alipokwambia kengele inaharakisha?"

"Hapo nilijua."

"Na alipofukuzwa?"

"Ningefukuzwa mimi. Wewe ulikuwa na mimba." Akang'oa nyasi. "Kisha akakiri mwenyewe, mama watoto. Akishakiri, mimi ningesema nini?"

Kabla ya kuondoka siku ile alinipa wazo lake. Mchomeleaji angesaga yale meno na kuchomelea mengine sita, mtambo uwe sahihi kabisa, yule bwana afurahi. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kutengeneza. Nikaelewa kwamba anataka kuua shahidi. Nikamwambia jino moja likiguswa nitahamia kwa mwanangu wa kwanza na nitaeleza kwa nini, mlango kwa mlango, Rwezamenyo nzima. Na nikamwambia atasema mbele ya mtoto wa dada. Si mimi nimsemee. Yeye, kwa mdomo wake.

Mtoto wa dada sasa ni mama wa watu. Anauza vitunguu na maharage kwa jumla Nyabugogo, sauti yake inasikika kuliko mabasi. Huko nako kulikuwa na mpakuzi mmoja wa kutoka kaskazini ambaye gunia likipungua alisema, muulizeni mtoto wa mama kiazi. Alimpiga kwa mzani, yule mpakuzi akashonwa. Kwangu alikuwa akija kila sikukuu na mafuta na sukari, akiniita mama mdogo, akisema mimi ndiye harufu ya mama yake iliyobaki.

Tulimwita Rebero Jumapili. Yule bwana nilimwomba atuvutie mtambo kwa pikapu yake kwenye kipande cha bustani kilicholimwa, akakubali kwa furaha, akadhani ni sherehe ya kumaliza kazi. Mume wangu akasimama mbele ya gurudumu.  Nitasema haki, alisema yote: harusi, jiwe, mto, kengele, kwamba alijua, kwamba alinyamaza. Hakujipunguzia.

 Mtoto wa dada alikuja akakaa kwenye kiti cha kulia, kilichokuwa cha mama yake, na kilo zake zote, akajaza viazi mapajani. Mimi nikakaa kushoto. Pikapu ikavuta. Kengele ikaanza, na kweli ilikuwa inaharakisha, mikono yangu ilichelewa kama siku ile. Mwisho wa mstari akashuka, akafukua kwa vidole, akapima kwa shibiri kutoka kiazi mpaka kiazi. Nilikuwa nimemwambia ilipaswa kuwa shibiri moja na nusu. Ilikuwa shibiri moja na kidole.

Akapima viazi sita, saba, akiwa amepiga magoti kwenye udongo na gauni lake la Jumapili. Kisha akalia. Mume wangu akapiga magoti pembeni yake, mzee wa miaka themanini, na wakalia pamoja. Akamwambia, "Baba mdogo, umesema. Wengine hufa nayo." Akamfuta machozi kwa kitenge chake. Mimi nilikuwa bado juu ya kiti, nikaona kwamba amemsamehe, palepale, kabla vumbi halijatulia.

Alipoinuka akanijia.

"Kitu kimoja sielewi, mama mdogo. Kama hakuiba, kwa nini alikiri? Mama alikuwa mkaidi. Nani aliyemwambia akubali?"

Mume wangu alinitazama. Alikuwa anajua. Angeweza kusema ni wazee, ni njaa, ni zamani. Nami ningeweza. Wengine walioijua habari ile wote wamekufa, na majina yao ninayo mimi peke yangu.

"Mimi," nikasema. "Nilimwambia aseme aliiba, yaishe."

 Akaniuliza kama wakati ule niliamini kwamba aliiba. Hilo lilikuwa swali lenyewe, na sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikamwambia ukweli, kwamba niliisikia kengele, kwamba nilijua kuna kitu, na kwamba sikutaka kujua ni nini, kwa sababu kitu hicho kingekuwa karibu na nyumba yangu.

"Basi baba mdogo aliogopa," akasema. "Wewe ulimsindikiza mama."

Akachukua mkoba wake, akapanda ngazi za bustani.

Mtambo uko Rebero, umepakwa bluu, wageni wanapiga picha wamekaa kwenye kiti changu. Gurudumu halikuguswa. Yule bwana ameweka kibao kinachosema ni mtambo wa kupandia viazi wenye gurudumu lisilo lake. Mtoto wa dada amekwenda kaskazini, amewaeleza waliobaki wa ukoo wa baba yake mmoja mmoja, na nasikia wamekubali kumwita dada kwa jina lake tena. Sikukuu iliyopita alituma mafuta na sukari kama kawaida. Aliyeleta alisema ni vya baba mdogo. Nilipikia yale mafuta bila kuonja, tukala wote wawili kwenye mkeka mmoja, na mume wangu akaniuliza kwa nini chakula hakina chumvi.